SOMO LA WIKI: Kifaa cha kupimia gesi kiwandani na fedha ya mwenye hisa

Mwekezaji mdogo anapotaka kununua hisa za kiwanda huangalia bei ya hisa, gawio la mwaka uliopita na faida kabla ya kodi. Ni wachache wanaouliza jinsi kiwanda kinavyopima moshi unaotoka kwenye tanuri au boila yake. Hata hivyo, kwa kiwanda kinachochoma mafuta mazito, makaa ya mawe au gesi asilia, kifaa kinachopima moshi huo ndicho kinachoonyesha ni kiasi gani cha nishati kinapotelea dohani. Kifaa hicho hicho ndicho kinachomwonya mwendeshaji mitambo kabla tanuri halijawa bomu.

Wiki hii tunaziacha bei za soko kidogo ili tueleze kifaa hicho: kinavyofanya kazi, kinavyodanganya kisipotunzwa, hatari zake kwa anayekishika, na maswali ambayo mwenye hisa au mfanyabiashara anayeuzia viwanda vifaa anapaswa kuyauliza.

KWA NINI JAMBO HILI LIKO UKURASA WA SOKO

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara mwezi Aprili 1998, kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa TOL, ambayo kazi yake ni gesi za viwandani na za hospitali. Saruji ya Tanga iliingia sokoni mwaka 2002 na saruji ya Twiga mwaka 2006. Mwaka 2004 gesi asilia ya Songo Songo ilifika Dar es Salaam kwa bomba, na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kikawa miongoni mwa watumiaji wake. Kwa maneno mengine, tangu siku ya kwanza ya soko letu mwananchi mwenye hisa amekuwa na fedha yake ndani ya biashara ambazo kupima gesi ni kazi ya kila saa.

Tuanze na tanuri la saruji. Gesi katika sehemu ya kuingizia malighafi huwa na joto la nyuzi 1,000 za Selsiasi na zaidi. Mwendeshaji hawezi kuona kwa macho kama mafuta yanaungua yote. Anategemea namba mbili kwenye skrini yake: oksijeni iliyobaki na kaboni monoksaidi. Oksijeni ikizidi, anachemsha hewa ya bure na kuitupa nje. Oksijeni ikipungua mno, mafuta hayaungui yote na kaboni monoksaidi inapanda. Gesi hii haina rangi wala harufu, ni sumu, na ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 12.5 na 74 inaweza kulipuka. Viwanda vyenye mitambo ya kunasa vumbi kwa umeme vina tatizo la ziada, kwa kuwa mitambo hiyo hutoa cheche ikiwa kazini. Ndiyo maana huunganishwa na kichambuzi cha gesi ili umeme ukatike wenyewe mapema, kaboni monoksaidi ikiwa bado chini sana ya kiwango cha kulipuka. Kichambuzi kikikosea, kinga hiyo haipo, ingawa kwenye karatasi ipo.

KIFAA CHENYEWE

Zamani wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walitumia taa ya Humphry Davy ya mwaka 1815, na baadaye ndege wadogo aina ya kanari, ambao huzimia kabla ya binadamu. Ndege hao waliondolewa rasmi katika migodi ya Uingereza mwaka 1986. Wakati huo viwanda vilikuwa vimeshazoea mashine. Kupima kaboni monoksaidi kwa mionzi ya infraredi kulianza Ujerumani mwaka 1938, na kanuni yake bado inatumika: gesi hiyo hunyonya mionzi ya aina fulani, na kadiri inavyokuwa nyingi ndivyo mionzi inayofika upande wa pili inavyopungua. Oksijeni hupimwa kwa njia nyingine, kwa sababu huvutwa na sumaku kuliko gesi nyingi za moshi. Vifaa vidogo vya mkononi hutumia seli za kemikali, ambazo huchakaa kama betri hata zikiwa kabatini.

Kichambuzi ni sehemu ya mwisho ya mnyororo. Kabla yake kuna bomba linaloingizwa ndani ya moshi kuchota sampuli, kichujio cha vumbi, mrija unaopashwa moto ili mvuke usigeuke maji njiani, kipozeo kinachoondoa maji hayo mahali palipopangwa, pampu, kichujio cha pili na kipimo cha mtiririko. Mafundi wenye uzoefu hukubaliana jambo moja: matatizo mengi ya kupima gesi hayako ndani ya kichambuzi, yako kwenye njia ya sampuli. Meneja anayenunua kichambuzi cha bei kubwa na kukifunga kwenye mrija uliochakaa ni sawa na mwenye duka anayenunua mizani mpya na kupimia gunia lenye tundu.

Mrija unaopashwa moto una sababu yake. Moshi wa mafuta yenye salfa ukipoa huacha tindikali. Hita ya mrija ikiharibika, tindikali hiyo hutulia kwenye kona, hula chuma na kuziba njia. Aidha, baadhi ya gesi huyeyuka ndani ya maji yaliyotuama, na kinachofika kwenye kichambuzi kinakuwa pungufu ya kilichomo dohani. Maji yakipita hadi ndani ya kichambuzi chenyewe, matengenezo yake huwa ya gharama kubwa.

HESABU YA MAFUTA

Tuchukue boila ya kawaida ya mafuta mazito, kama zile za viwanda vya nguo, sabuni au vinywaji. Kama mafuta yanaungua yote, hewa ya ziada hupatikana kwa karibu kwa kugawa asilimia ya oksijeni kwenye moshi kwa 20.9 ukitoa oksijeni hiyo hiyo. Namba 20.9 ni asilimia ya oksijeni iliyomo katika hewa tunayovuta.

Moshi ukiwa na oksijeni asilimia 3, hewa ya ziada ni 3 gawanya kwa 17.9, yaani karibu asilimia 17. Oksijeni ikiwa asilimia 6, ni 6 gawanya kwa 14.9, yaani asilimia 40. Tofauti ni asilimia 23 hivi. Kilo moja ya mafuta mazito huhitaji karibu kilo 14 za hewa, kwa hiyo hapo kuna zaidi ya kilo 3 za hewa ya bure kwa kila kilo ya mafuta. Hewa hiyo ikiingia na nyuzi 30 na kutoka dohani na nyuzi 230, inaondoka na joto linalokaribia asilimia 1.6 ya nguvu iliyokuwa ndani ya mafuta.

Asilimia 1.6 inaonekana ndogo. Lakini boila inayotumia lita 1,000 kwa siku inapoteza lita 16 kila siku. Kwa mwaka wa siku 300 za kazi ni lita 4,800. Msomaji azidishe kwa bei ya mafuta ya leo, kisha ajiulize kama kiasi hicho kisingetosha kulipa fundi wa vyombo na vipuri vya kichambuzi, chenji ikabaki. Hasara hiyo haina mstari wake kwenye mizania. Imejificha ndani ya mstari wa gharama za nishati, na wakurugenzi wataeleza kuwa mafuta yamepanda bei duniani.

TUNDU DOGO, HASARA KUBWA

Sasa tufike kwenye kosa ambalo kila mwenye fedha kiwandani anapaswa kulielewa, kwa sababu ni la kimyakimya na linafanana na habari njema.

Pampu ya sampuli hunyonya. Kiungo cha mrija kikilegea kabla ya pampu, gesi haitoki nje, bali hewa ya nje huingia ndani. Hakuna harufu wala sauti. Tuseme sehemu moja kati ya kumi ya sampuli ni hewa iliyoingia kwa njia hiyo, na oksijeni ya kweli tanurini ni asilimia 2. Kichambuzi kitasoma hivi: sehemu tisa za asilimia 2 ni 1.8, jumlisha sehemu moja ya asilimia 20.9 ambayo ni 2.09, jumla asilimia 3.9.

Mwendeshaji akiona 3.9 anadhani hewa imezidi. Anafanya alivyofundishwa: anapunguza hewa ili namba irudi 2. Lakini angalia hesabu. Hata kama tanurini hakutabaki oksijeni kabisa, hewa ya tundu peke yake inaonyesha asilimia 2.09. Maana yake mwendeshaji anaweza kuliminya tanuri hadi oksijeni ikaisha, huku skrini ikimwambia hali ni nzuri. Kaboni monoksaidi nayo itasomeka pungufu kwa moja ya kumi, kwa kuwa imechanganywa na hewa. Kifaa kinakosea pande zote mbili, na pande zote kinamtuliza mtu anayepaswa kushtuka.

Dawa yake si ngumu. Njia ya sampuli hufungwa upande wa bomba la kuchotea, pampu ikaachwa inyonye. Kama viungo vyote viko salama, kipimo cha mtiririko kinashuka hadi sifuri. Kama mpira wa kipimo unaelea, kuna tundu na litafutwe. Kazi hii ni ya dakika chache na inapaswa kufanyika kila wiki, na kila mara kiungo kinapofunguliwa.

SAMPULI INAYOCHELEWA

Kosa la pili ni kuchelewa. Mrija wenye upana wa ndani wa milimita 4 na urefu wa mita 50 unabeba karibu lita 0.63 za gesi. Pampu ikivuta lita 1 kwa dakika, gesi inayofika kwenye kichambuzi ilitoka tanurini sekunde 38 zilizopita. Kichujio kikijaa vumbi na mtiririko ukashuka hadi robo lita, ucheleweshaji unakuwa dakika mbili na nusu. Mwendeshaji anaendesha tanuri la sasa kwa habari za dakika mbili nyuma. Ni kama dalali anayenunua hisa kwa bei za jana.

Kwa hiyo mtiririko si namba ya fundi peke yake. Unatakiwa kuwa na kengele yake, na ukishuka chini ya kiwango, masomo yote ya kichambuzi yahesabiwe kuwa hayaaminiki hadi kichujio kibadilishwe.

MITUNGI YA KUSAWAZISHIA

Kichambuzi hupotoka kidogo kidogo kama saa. Ili kukisawazisha, fundi hupitisha gesi mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni gesi ya sifuri, kwa kawaida naitrojeni safi. Ya pili ina kiwango kilichothibitishwa cha gesi inayopimwa, pamoja na cheti chenye tarehe ya kwisha muda. Mtungi uliopita tarehe yake si wa kuaminiwa hata kama bado una gesi nyingi, kwa sababu kiwango cha baadhi ya michanganyiko hubadilika kikikaa.

Fundi mzuri huandika namba mbili: alichokuta kabla ya kugusa kitu, na alichoacha baada ya kusawazisha. Kama mtungi unasema asilimia 0.50 na kichambuzi kimesoma 0.46, kilikuwa kinapunguza kwa asilimia 8. Daftari likionyesha kosa hilo linaongezeka kila wiki, kuna kitu kinakufa ndani na kipuri kiagizwe mapema. Daftari lenye namba ya pili tu, ambayo kila mara ni nzuri, halina faida kwa yeyote isipokuwa mkaguzi asiyeuliza.

Gesi ya kusawazishia nayo ipitishwe kuanzia kwenye bomba la kuchotea, angalau mara kwa mara, si mlangoni mwa kichambuzi pekee. Ukiipitisha mlangoni umepima kichambuzi tu. Mrija, kipozeo na vichujio vimebaki bila kuchunguzwa, na tumeshasema matatizo mengi yako huko.

Upande wa usalama, mtungi wa shinikizo la bar 150 au 200 si kitu cha kuviringisha sakafuni. Ufungwe kwa mnyororo ukiwa wima, kofia ya valvu iwe mahali pake wakati wa kuhamisha, na regyuleta iwe ya aina ya gesi hiyo. Valvu ifunguliwe polepole, fundi akiwa amesimama pembeni ya geji. Mafuta na grisi visiguse kamwe viungo vya oksijeni, kwani vinaweza kuwaka bila kiberiti.

Naitrojeni watu wengi huidharau kwa kuwa si sumu. Mtungi wa lita 50 wenye bar 150 una karibu mita za ujazo 7.5 za gesi. Ukivujia ndani ya chumba kilichofungwa cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5, oksijeni itashuka kutoka asilimia 20.9 hadi karibu 15. Chumba kikiwa cha mita 2 kwa 2, itafika karibu 10, kiwango ambacho mtu anaweza kuzimia bila kuhisi dalili ya kukosa pumzi. Sheria za Marekani huhesabu hewa yenye oksijeni chini ya asilimia 19.5 kuwa pungufu. Mitungi iwekwe nje ya chumba, kivulini, na gesi iingizwe kwa mrija.

CHUMBA CHA VICHAMBUZI

Baada ya kupimwa, sampuli inakwenda wapi? Swali hili husahaulika. Katika karakana nyingine mrija wa kutolea umeachwa unapumulia chumbani.

Tufanye hesabu. Kichambuzi kinachotoa lita 2 kwa dakika za gesi yenye asilimia 0.1 tu ya kaboni monoksaidi kinamwaga mililita 120 za sumu hiyo kwa saa. Katika chumba chetu cha mita za ujazo 22.5 kisicho na mzunguko wa hewa, ni nyongeza ya sehemu 5 kwa milioni kila saa. Baada ya usiku wa saa kumi zimefika zaidi ya 50, ambacho ndicho kikomo cha wastani wa saa nane za kazi nchini Marekani. Tanuri likivurugika na kaboni monoksaidi ikapanda mara kumi, kiwango hicho kinafikiwa ndani ya saa moja. Fundi wa zamu ya asubuhi anafungua mlango, anakaa, kichwa kinauma, anadhani ni malaria.

Mrija wa kutolea upelekwe nje, juu ya paa, mbali na madirisha. Chumba kiwe na feni inayofanya kazi, na king'ora chake cha kaboni monoksaidi na oksijeni chenye taa nje ya mlango, ili mtu aonywe kabla hajaingia. Aidha, maji yanayotoka kwenye kipozeo yana tindikali. Yasiachwe yakatiririka sakafuni, na fundi avae glavu na miwani.

Kuchomoa bomba la kuchotea sampuli ni kazi ya hatari peke yake. Tanuri likiwa na shinikizo, moto na vumbi la moto hutoka kwenye tundu. Fundi asifanye kazi hiyo bila kibali cha maandishi na bila chumba cha udhibiti kujua. Saketi inayokatisha mitambo ikizimwa kwa muda ili kupisha matengenezo, iandikwe nani ameizima, saa ngapi, na nani ameirudisha. Saketi iliyozimwa "kwa muda" na kubaki hivyo miezi sita kwa sababu inapunguza uzalishaji ni deni ambalo kampuni imelikopa bila kumwambia mwenye hisa.

KABLA MTU HAJAINGIA NDANI

Kupima gesi hakuishii kwenye moshi. Mtu anapoingia ndani ya boila, tangi, kisima cha maji machafu au silo, hewa ya humo ipimwe kwa kifaa cha mkononi. Utaratibu ni huu: kwanza oksijeni, pili gesi zinazowaka, tatu gesi za sumu. Oksijeni inatangulia kwa sababu vipimo vingi vya gesi zinazowaka huhitaji oksijeni ili visome. Pasipokuwa na oksijeni ya kutosha, kifaa kinaweza kuonyesha hakuna gesi wakati pamejaa.

Apime juu, katikati na chini. Methani ni nyepesi na hupanda juu. Kaboni dayoksaidi na haidrojeni salfaidi ni nzito na hutuama chini. Asitegemee pua: haidrojeni salfaidi hunuka kama yai viza ikiwa kidogo, lakini ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa kunusa, na mtu anadhani imekwisha. Wafanyabiashara wa nafaka wanaofukiza maghala kwa vidonge vya fosfini nao wamo katika somo hili. Kikomo cha fosfini nchini Marekani ni sehemu 0.3 tu kwa milioni, na harufu si kipimo.

Kila asubuhi kabla ya kazi, kifaa cha mkononi kipulizwe gesi ya majaribio kuona kama king'ora kinalia. Kujaribu kwa gesi ya kiberiti cha sigara, kama baadhi wanavyofanya, kunaharibu kihisio na hakuthibitishi kitu. Dawa za kung'arisha zenye silikoni nazo huua vihisio vya gesi zinazowaka.

Mtu akianguka ndani, wa nje asirukie. Taasisi ya NIOSH ya Marekani ilieleza mwaka 1986 kuwa zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa katika sehemu za namna hiyo ni wale waliokwenda kuokoa. Mlinzi wa mlangoni awe na kamba, winchi na simu, na anayeingia kuokoa avae chombo chenye hewa yake. Kwa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda watu wake. Mwajiri wa kiwanda cha hisa ni kampuni, na kampuni ni fedha za wenye hisa.

RATIBA YA MATUNZO

Maelekezo ya mtengenezaji ndiyo yanayotawala. Lakini kwa tanuri lenye vumbi jingi, ratiba yenye akili inafanana na hii:

Kila zamu: angalia mtiririko, joto la mrija, joto la kipozeo na rangi ya kichujio. Hakikisha maji ya kipozeo yanatoka.

Kila wiki: pima uvujaji, pitisha gesi ya sifuri na gesi ya kiwango, andika ulichokuta na ulichoacha.

Kila mwezi: safisha bomba la kuchotea, badilisha vichujio na mrija wa pampu ya maji ya kipozeo, jaribu kengele na saketi ya kukatisha mitambo hadi mwisho wake.

Kila mwaka: kagua kiwambo cha pampu, badilisha seli za kemikali zilizofika umri, hakiki vyeti vya mitungi na mafunzo ya mafundi.

KWA MFANYABIASHARA ANAYELETA VIFAA

Soko la vichambuzi vilivyotumika lipo, na bei yake huvutia. Mnunuzi aulize mambo manne kabla ya kutoa fedha. Je, kifaa kilitengenezwa kupima gesi gani, na kwa kiwango gani? Kichambuzi cha asilimia hakifai kusoma sehemu kwa milioni. Je, vipuri bado vinatengenezwa? Je, kinaruhusiwa kuwekwa mahali penye gesi ya kulipuka? Baadhi ya vipimo vya oksijeni vina seli ya zirkonia inayofanya kazi kwenye joto la nyuzi 700 hivi, na seli hiyo inaweza kuwasha gesi. Mwisho, je, bei imejumuisha njia nzima ya sampuli, au ni sanduku tupu?

Anayeuza mitungi ya kusawazishia akumbuke kuwa bidhaa yake halisi ni cheti. Mtungi usiofuatiliwa hadi kwenye kipimo kinachotambulika ni gesi ya kawaida iliyouzwa kwa bei ya juu. Mteja akigundua, harudi.

MASWALI YA MWENYE HISA

Mkutano mkuu wa mwaka si wa soda na fulana peke yake. Mwenye hisa mia ana haki ya kuuliza sawa na mwenye hisa milioni. Haya hapa maswali matano ambayo hayahitaji uhandisi:

1. Vichambuzi vya gesi vya tanuri au boila vilikuwa kazini kwa asilimia ngapi ya saa za uzalishaji mwaka jana?

2. Saketi ya kukatisha mitambo kwa sababu ya gesi ilizimwa mara ngapi, na kwa idhini ya nani?

3. Nishati iliyotumika kwa kila tani ya bidhaa imepanda au imeshuka, tukiweka pembeni bei ya mafuta?

4. Mafundi wangapi wamefunzwa kusawazisha vyombo hivi, na kama mmoja akiondoka nani anabaki?

5. Marupurupu ya mameneja yanapimwa kwa tani tu, au na usalama pia?

Mkurugenzi anayejua kiwanda chake atajibu swali la kwanza na la tatu kwa namba. Anayejibu kwa hotuba amekupa habari pia. Swali la tatu ndilo la kushikilia zaidi, kwa kuwa bei ya mafuta haiko mikononi mwa menejimenti, lakini kiasi kinachochomwa kwa tani kiko. Kiasi hicho kikipanda miaka miwili mfululizo wakati bidhaa ni ile ile na mitambo ni ile ile, mwekezaji asisubiri taarifa ya wakaguzi. Kuna mahali hewa inachemshwa bure au tanuri linaendeshwa kwa kubahatisha, na gawio la mwaka ujao linatoka dohani pamoja na moshi.